Nilitarajia Arobaini

Maandishi yalitoka mekundu tena kwenye skrini.

"Nilitarajia kilo arobaini, nimepata arobaini na moja. Angalia mstari wa kumi na mbili."

Mwalimu alishusha pumzi. Ofisini walimwita hivyo kwa sababu aliacha kufundisha hesabu ili aje kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya JavaScript, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Programu yake ya kupanga mizigo isipopita majaribio kufikia Ijumaa, bosi angemrudisha nyumbani.

"Angalau sasa inasema," Dada alimtia moyo. Dada, mkongwe wa ofisi, ndiye aliyekuwa akiiboresha zana ya majaribio, ile inayokagua kila programu kabla haijatumika. Zamani ilitema neno moja tu, "imefeli", basi, jitafutie mwenyewe. Sasa ilieleza ilichotarajia, ilichopata na mstari wenye kosa.

"Hata mama yangu angeielewa," alisema Mwalimu. "Tatizo ni mimi. Kwenye kompyuta yangu napata arobaini. Nikijumlisha kwa kalamu, arobaini."

"Kwako unaingiza mzigo mmoja mmoja. Huku kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, linaingia lundo. Ndipo inapoteleza."

Simu ya Dada ikaita. "Mdogo wangu huyu," alisema akiikata. "Kukaa nyumbani bila kazi kumemchosha, hana subira."

Wiki nzima Dada hakumtupa mwenzake. Alimletea chai. Aliiongezea zana rangi, kisha mshale wa kuonyesha kosa lilipo. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika upya, na mshale haukuondoka. Alhamisi alionekana akihesabia vidole, mtu mzima aliyefundisha watoto wa watu kujumlisha.

Ijumaa bosi aliyasoma yale maandishi mwenyewe, bila kuhitaji mkalimani.

"Pole, Mwalimu. Hapa hata mimi naona."

Mwalimu alimshika Dada mkono kwa mikono miwili. "Bila wewe, Dada, nisingejua kwamba sijui." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Dada alimsindikiza hadi mlangoni. Akarudi kitini, akafungua zana yake, akafuta mstari mmoja, ule wa kuongeza kilo moja. Kisha akaijaribu programu ya Mwalimu, ile ya kwanza kabisa, aliyoileta Jumatatu.

Kijani tupu, juu mpaka chini.

Akachukua simu. "Mdogo wangu, wiki ijayo uje na shati safi. Na usihangaike kuandika chochote, programu ninayo tayari."