Matundu Nyuma ya Kibao

Tangu Mbaraka arudi na boti ya jeti kutoka juu ya mto, ilikuwa inaingiza maji. "Ni sili ya shafti tu," alishikilia. Mwanahamisi, mkewe na fundi wa boti hiyo, akabadilisha sili, ule mpira wa kuzuia maji. Maji yakaendelea kuingia.

Basi akaikausha boti, akanyunyiza unga wa ngano ndani, wakaishusha mtoni. Unga wa kwenye shafti ukabaki mkavu. Ukuta wa nyuma ndio uliochuruzika, na unga chini yake ukawa uji.

Mwanahamisi akaingia majini, akakifungua kibao chenye jina lake kwenye ukuta huo, alichokifunga Mbaraka kwa skrubu nne walipooana. Nyuma yake kulikuwa na matundu mengine mawili yaliyokaribiana, haya yakipenya hadi ndani, yamezibwa kwa sabuni ya mche iliyokwisha kuyeyuka. Yalikuwa ya kibao kingine, chenye jina fupi kuliko lake.

"Umepaona?" Mbaraka aliuliza akiwa kwenye usukani, akitafuna muwa.

"Nimepaona."

"Ziba basi, twende."

Mwanahamisi akatia vidole viwili kwenye yale matundu, maji yakakatika.

"Anaitwa nani?"

Mbaraka akaacha kutafuna.

Mwanahamisi akavichomoa vidole.