Mngurumo

Joëlle alishika plagi ya chaja, akasita. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka; bila umeme, ingeweza kuzimika wakati wowote.

Lakini tangu asubuhi, kila alipomrekodi dada yake mkubwa, yaya kama alivyomwita, akiimba katika kanisa lao la Kashikishi, mngurumo mzito uliimeza sauti. Alishabadilisha maikrofoni na nyaya, bure. Na mchana huu basi lingemchukua dada, aanze safari ya kuhamia Kanada.

Kompyuta ilikula umeme wa soketi ya ukutani, mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ikala wa soketi ya madhabahuni, na waya mmoja ukaziunganisha. Labda mngurumo ulipita humo.

Plagi ilikuwa na joto vidoleni. Akaichomoa.

Kimya. Kompyuta haikuzimika. Katika spika za masikioni alimsikia dada yake akimeza mate, waziwazi, kama yuko begani pake.

“Mbona umeniangalia hivyo?” dada akauliza. “Ile kelele ingalipo?”

“Imeisha, yaya. Imba sasa, betri haina nguvu.”

Dada akafumba macho, akaanza. Joëlle akakaa sakafuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, kilio chake kisije kikaingia kwenye wimbo.