Swali la Daktari

"Dada, kabla ya kiharusi, kumbukumbu ya mzee ilikuwaje?" daktari aliuliza.

Monika alimtazama baba yake kitandani. Upande wa kulia ulikuwa umepooza, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umemshika kidole kimoja na haukutaka kukiachia.

"Kwa nini unauliza?"

"Akili ikiwa ilishaanza kuchoka, wengi hawaponi. Safari ya hospitali ya rufaa ingemtesa bure. Bora apumzike hapa Babati, karibu na nyumbani."

Mwaka mzima baba alikuwa akipotea njia. Wiki iliyopita mtu wa bodaboda alimrudisha kutoka Bonga, hana viatu, akiulizia ng'ombe aliowauza zamani. Monika hakumwambia mtu, hata ndugu zake.

Akisema kweli, watamwacha hapa afe. Akidanganya, huenda akafia njiani.

Alijaribu kuchomoa kidole. Baba akakaza zaidi.

"Alikuwa na akili timamu, daktari," alisema. "Hakuwahi kusahau kitu."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akamgeukia muuguzi.

"Waambie walete gari."