Kalibu ya Dirisha

Mishi alikuwa amechonga dirisha moja, dogo kama ukucha, la mfano wa ukumbi wa mji ulioungua. Yalibaki kumi na moja, na wazee walikuwa njiani kuja kuamua: ukumbi ujengwe ulivyokuwa, au pajengwe ghala.

Akatumbukiza plastiki kwenye maji ya moto. Ikalainika, ikawa angavu kama kioo. Akaikandamiza juu ya dirisha ili apate kalibu ya kumiminia jasi, atoe yale yaliyobaki, kisha akaivuta kwa pupa. Ikatoka imepinda.

“Wifi, hiyo kalibu au tonge la ugali?” Mwanaidi akacheka mlangoni. “Waambie warudi kesho.”

“Kesho watakuwa wameshasema ghala. Plastiki hii haina kinyongo, wifi yangu. Ikiharibika, inarudi majini.”

Akairudisha, akaikandamiza upya, kisha akakunja mikono kusubiri ipoe, iwe nyeupe na ngumu.

Viatu vikagonga ngazi.

“Wamefika! Ivute!”

Mishi hakuivuta. “Karibuni, wazee wangu,” akasema bila kuinua macho. “Kaeni. Mtayaona madirisha yakizaliwa.”

Weupe ulikuwa umeshaingia pembeni, ukitambaa taratibu kuelekea katikati.