Sauti ya Marehemu

"Usinifutie sauti ya marehemu, mwanangu."

Bi Mkubwa alikuwa ubavuni mwa mkazamwanawe, Nassra, macho kwenye kompyuta. Visomo vya Kurani vya marehemu mumewe vimo humo tu. Lakini programu iliyojiingiza bila ya hodi ilikuwa ikirusha matangazo ya kamari juu ya kila kisomo, na fundi wa Darajani alishasema dawa ni kufuta vyote. Hata vikihamishwa, uchafu utahama navyo.

Nassra aliiondoa programu, akazima, akawasha. Tangazo likachomoza tena.

"Haina haya hii!" Bi Mkubwa akasonya.

"Imeacha vifaranga, mama. Tuvifuate."

Akavifuata. Kucha yake yenye hina iliyofifia ilipita juu ya kila jina la programu kwenye kioo, polepole, kama anachambua mchele wa biriani ya wageni. Akatoa kimoja, akatoa kingine. Cha mwisho kikaleta kitufe kikubwa cha kijani, kikiomba kibakie. Kitufe cha kufuta kilikuwa kidogo, rangi ya jivu, pembeni kabisa. Nassra alisoma neno kwa neno, ndipo akabonyeza kile kidogo.

Akazima, akawasha, akafungua kisomo.

Marehemu akakohoa kidogo, kama ada yake, kisha akaanza kusoma. Hakuna kilichomkatiza.

Bi Mkubwa alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa kasha lake, ambao hata bintize hawajapata kuushika, akautia kiganjani mwa Nassra.