Pete ya Shekue

Siku ya tano ya eda, Mwanakombo alifungua mlango kidogo akagonga sahani ya bati kwa kijiko. Vichwa vya samaki vilijaa pomoni, lakini hakutokea hata paka mmoja.

"Waache, dada," alisema jirani yake Zeyana, aliyemletea uji. "Si wewe uliyekuwa ukiwafukuza kwa ufagio?"

"Ni mimi. Marehemu aliniuliza, nikifa mimi utawalisha? Nikaushika ufagio."

Kila siku mumewe, Shekue, alikuwa akitoka kuswali alasiri, anaketi barazani na kuigonga sahani ile mara tatu kwa pete yake ya fedha. Pete ilivuliwa siku ya kumwosha. Mwanakombo aliifunga kwenye pindo la kanga, maana mwenye eda havai pambo.

Sasa akalifungua fundo. Hakuivaa, aliishika tu kwa vidole viwili, akagonga mara tatu.

Walitoka mapaani na vichochoroni, mbio, mikia juu, zaidi ya kumi. Walipofika mlangoni wakasimama. Hakuna aliyeigusa sahani. Wote walinyoosha shingo, wakachungulia ndani, nyuma yake.