Wa Kwanza Kusema

Watu ishirini na wawili walimwahidi Abdulghafur kuwa watamchagua awe mzee wa mtaa, awasemee mbele ya serikali mpya ya Waingereza. Siku ilipofika, kila mtu akaambiwa asimame nyuma ya amtakaye. Abdulghafur aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Wote walikuwa nyuma ya mpinzani wake, Jeilani, na wengine waliona haya hata kumtazama.

"Nalikuwa nawe, Bwana," Husein, mmoja wa wale walioahidi, alimwambia baadaye. "Lakini nalisikia wote wamekukimbia. Sikutaka kusalia peke yangu."

Wa pili akasema hayo hayo. Wa tatu pia. Ndio mji wetu wa Amu huo: watu ishirini na wawili wanakutaka, na bado unakosa.

Basi yuko aliyeuanza uvumi huo. Abdulghafur, uchungu umemjaa, akenda kwa Mwalimu Aqil akataka isomwe halbadiri, dua imshukie aliyekuwa wa kwanza kusema, asiumalize mwaka.

"Dua hii hairudishwi," Mwalimu alimwonya. "Na haijui rafiki."

"Soma."

Ikasomwa adhuhuri ile ile. Abdulghafur aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kisha akatoka kutafuta ni nyumba gani itakayolia.

Husein alikuwa amesikia kwa Ridhwani. Hapo moyo ulimuuma Abdulghafur kweli, maana Ridhwani alisoma naye chuoni tangu utotoni. Ridhwani naye alisikia kwa mkewe, Radhiya. Radhiya akajibu nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo, kuwa aliambiwa kwenye wikio, kile kivuko cha juu wanachopita wanawake kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka njiani.

"Na nani?"

"Na Alawiya. Mkeo."

Abdulghafur hakujua alifikaje nyumbani.

"Wewe! Ndani ya nyumba yangu!"

Alawiya hakukana. "Nalimwambia Radhiya amuulize mumewe iwapo ni kweli. Nalikuona huli, hulali. Nalicha, nikaingiwa na hofu."

"Na wewe nani alikwambia? Mtaje!"

Mkewe alimtazama kwa mshangao.

"Ni wewe, Bwana. Jumatatu ile, kabla ya siku ya kuchagua, ulipousukuma wali ukasema: 'Watu wote washanikimbia.'"